Upinde wa Waata na Ndovu wa Tsavo

Mshale wa Mwaata haukuwa wa kipande kimoja. Nyuma ulikuwa na uti mrefu uliofungwa manyoya ya tumbusi, na mbele yake kikachomekwa kipande kifupi chenye chembe ya chuma. Kipande hicho cha mbele ndicho kilichopakwa sumu, kisha kikaviringishwa ukanda mwembamba wa ngozi ili hewa na jua visiiue nguvu yake. Ngozi ilivuliwa dakika ya mwisho, ndovu akiwa hatua chache tu mbele ya mwindaji. Kwenye mshale huo mwenyewe aliweka alama yake, ili mzoga ukionekana pasiwe na ubishi ni wa nani. Ikumbukwe alama hiyo, maana ndiyo iliyokuja kuwaponza wengi.

Waata, ambao vitabu vingi vinawataja kwa jina la Waliangulu, ni watu wa nyika iliyo nyuma ya Malindi, kandokando ya mto Galana, ambao ukikaribia bahari huitwa Sabaki. Lugha yao ni ndugu ya Kioromo. Riziki yao ilitoka kwenye asali na nyama ya porini, na katika wanyama wote ndovu ndiye aliyewapa sifa. Upinde wao ulikuwa mgumu ajabu: kuuvuta kulihitaji nguvu ya ratili 100 na zaidi, yaani kilo 45 kwenda juu, kiasi kwamba waliochunguza silaha za kale wameulinganisha na pinde ndefu za wapiganaji wa Uingereza wa zama za kati. Hata hivyo haukutumika kupiga mbali. Mwindaji alimnyatia ndovu chini ya upepo mpaka karibu kabisa, akalenga tumbo, mahali ambapo hakuna mfupa wa kuuzuia mshale.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya sumu. Ilitokana na mti ambao wataalamu wa mimea huuita Acokanthera. Vipande vya mti na mizizi vilichemshwa kwa saa nyingi, maji yakachujwa, yakachemshwa tena mpaka yakabaki kitu cheusi kizito kama lami. Mafundi wake wakubwa walikuwa Wagiriama, nao waliwauzia Waata na Wakamba vilevile. Ikishaingia kwenye damu, husimamisha moyo. Ikiliwa haina madhara makubwa, na ndiyo sababu nyama ilikatwa pembeni ya jeraha, nyingine yote ikaliwa bila wasiwasi.

Anayedhani kwamba Mwaata aliwinda kwa ajili ya chungu cha nyumbani tu anajidanganya. Pembe zilikuwa biashara tangu zamani. Katika karne ya 19 zilitoka bara kwa misafara, zikapitia Mombasa na Unguja, zikaishia kuwa bangili za India na vibao vya piano vilivyochongwa Ivoryton, Connecticut, mji wa Marekani uliopewa jina kwa pembe hizo. Mwaata alikuwa mwisho mmoja wa kamba hiyo ndefu, na aliyekuwa mwisho wa pili hakuwahi kuitwa mhalifu.

Utawala wa Kiingereza ulipoingia, ulikuja na kanuni za wanyama na ada za leseni. Mkataba ambao mataifa ya Ulaya yaliutia sahihi London mwezi Mei 1900 ulitaka mitego ya nyavu na mashimo ipigwe marufuku au iwekewe mipaka. Bunduki yenye leseni haikuguswa. Kuanzia hapo swali halikuwa tena mnyama gani ameuawa, bali ameuawa na nani na kwa chombo gani. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu madarakani Marekani, alishuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit. Safari yao ilipokwisha, wawili hao walikuwa wameua wanyama 512, wakiwemo simba 17 na ndovu 11, na sehemu kubwa ya mizigo ikapelekwa makumbusho ya Smithsonian. Mbele ya sheria ile, baba na mwana walikuwa wawindaji, na Mwaata na mshale wake mmoja alikuwa jangili.

Matajiri waliofuata walitaka pembe kubwa, na nyika ya Voi ilikuwa nazo. Mmoja wa waliowaongoza, Denys Finch Hatton, alianza kuwatafutia wageni wake ndovu kwa ndege, akafa Mei 1931 ndege yake ilipoanguka hapohapo Voi.

Hifadhi ya Tsavo ilitangazwa Aprili 1948: zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Ilichorwa juu ya viwanja vya kuwindia vya Waata na vya Wakamba. Msimamizi wa upande wa mashariki alikuwa David Sheldrick, na kwa miaka ya kwanza aliona mizoga mingi kuliko alivyoweza kufuatilia. Mwaka 1956 serikali ya koloni ilimpa watu na fedha za kuendesha operesheni kamili. Msaidizi wake, Bill Woodley, alikuwa ametoka kupigana na Mau Mau msituni, na mbinu alizozijua ndizo alizozileta nyikani: mkamate mmoja, mhoji, mtumie akufikishe kwa mwenzake, weka kumbukumbu za kila jina. Hapo ndipo alama za mishale zilipogeuka ushahidi. Mshale uliookotwa kwenye mzoga ulimtaja mwenyewe. Kufikia mwisho wa 1957 wawindaji karibu wote wenye sifa walikuwa wamefungwa, na vijiji vikabaki bila kazi iliyokuwa ikivilisha.

Ni haki kusema kwamba baadhi ya maofisa waliowakamata ndio waliokuwa wa kwanza kuona aibu. Kutokana na wazo lao ulizaliwa mwaka 1960 mpango wa Galana: eneo la karibu kilomita za mraba 7,800, mashariki ya hifadhi, ambako Waata wangeruhusiwa kuvuna ndovu kwa idadi maalumu na kunufaika na nyama na pembe. Ian Parker aliwekwa kuuongoza. Kwenye karatasi ulikuwa mpango mzuri. Kwa vitendo ndovu walipigwa kwa bunduki, hesabu za biashara hazikutoka vizuri, na Mwaata akajikuta kibarua katika uwindaji wake mwenyewe. Kabla ya miaka ya 1960 kwisha ardhi ilikuwa imegeuzwa ranchi ya ng'ombe.

Ndovu nao hawakukaa kimya. Bila mishale, na huku mashamba na makazi yakizidi kuwabana pande zote, walijaa hifadhini kwa makumi ya maelfu. Wakaangusha miti, wakachuna mibuyu hadi ikalala, na vichaka vizito vikawa mbuga ya majani. Richard Laws, mtafiti kutoka Uingereza, alishauri wapunguzwe kwa maelfu. Sheldrick akakataa, akisema nyika ina mizunguko yake. Laws aliacha kazi mwaka 1968. Ukame wa 1970 na 1971 ukaamua badala yao. Walikufa ndovu kama 6,000, wengi wao majike na watoto, kwa sababu hawakuweza kwenda mbali na maji ya Galana, na kando ya mto majani yalikuwa yamekwisha. Kwa mawazo yangu pande zote mbili zilisahau jambo moja: nyika waliyotaka kuirudisha katika hali yake ya asili ilikuwa imeishi na mwindaji kwa muda mrefu, naye alikuwa sehemu ya asili hiyo.

Pembe za waliokufa zilitapakaa kila mahali, bei yake ikapanda, na waliokuja kuziokota wakarudi na silaha. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote Mei 1977. Wawindaji wa kitalii wakaondoka; majambazi wa bunduki za kivita wakabaki, na hao hawakunyatia mtu wala ndovu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mfumo mzima wa Tsavo ulikuwa na ndovu kama 6,000 tu. Sensa ya 2021 iliwahesabu karibu 15,000.

Sheria ya 2013, ilipopitishwa, ilimtishia anayeua ndovu kwa kifungo cha maisha au faini isiyopungua shilingi milioni 20, na ikaahidi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama. Katika Taita Taveta, ambako ndovu huingia mashambani, kifungu cha pili ndicho kinachozungumzwa zaidi. Na Galana, ardhi iliyotengwa mwaka 1960 kwa ajili ya Waata, sasa iko mikononi mwa shirika la serikali la maendeleo ya kilimo. Mwaka 2014 ulianzishwa humo mradi wa kumwagilia mahindi.