Soko Lililorudi: Tumaini la Washauri wa Kiwewe Kusini mwa Maniema

Kazi ya kuwahudumia watu wenye kiwewe, yaani jeraha la nafsi linalobaki baada ya mwili kunusurika, ni changa kwa jina katika Kasongo na Kabambare, kusini mwa mkoa wa Maniema, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ingawa haja yake ni ya kale. Tarehe 15 Julai 1871, sokoni Nyangwe, kando ya mto Lualaba, wafuasi wa mfanyabiashara Dugumbe waliwafyatulia risasi wauzaji na wanunuzi, wengi wao wanawake, ambao walikimbilia mitumbwi na kuzama kwa wingi. Mvumbuzi David Livingstone, aliyeyaona hayo kwa macho yake, aliandika kwamba waliokufa walikadiriwa kuwa kati ya 330 na 400. Linalotajwa kwa nadra ni kwamba soko lile halikufa: wavumbuzi wengine, Verney Lovett Cameron alipofika mwaka 1874, na Henry Morton Stanley mwaka 1876, waliwakuta wanawake wamerudi na samaki, kuku na mihogo yao. Hatari haikuwa imekwisha, kwa kuwa utekaji wa watumwa uliendelea hadi vita vya 1892 hadi 1894 kati ya Dola Huru ya Kongo na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili; waliorudi walitumaini kabla ya kupata usalama, na tumaini la namna hiyo ndilo linalowafaa washauri wa leo.

Washauri hao hufanya kazi ndani ya huduma ya afya ambayo nayo iliwahi kuvunjika na kurudi. Baada ya uasi wa wapiganaji walioitwa Simba wa mwaka 1964 kuikumba Maniema, huduma hiyo ilijengwa upya kwa subira. Mradi wa Kasongo, ulioanza mwaka 1971 kwa ushirikiano na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, uliweka vituo vidogo vya afya karibu na vijiji, vikiongozwa na wauguzi, na uzoefu wake ukachangia mfumo wa kanda za afya uliofuatwa nchini kote. Ndani ya mfumo huo, vita vilivyoanza mwaka 1996, na baadaye mapigano ya makundi ya wapiganaji wenyeji yaitwayo Mai-Mai kuzunguka mgodi wa dhahabu wa Namoya, vilileta wagonjwa ambao dawa za kawaida hazikuwatosha. Huko Salamabila, katika Kabambare, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka limewahudumia walionusurika ubakaji.

Mshauri anayesikiliza simulizi za walionusurika siku baada ya siku huweza kuumizwa nazo: usingizi humkimbia, na imani yake kwa watu hupungua. Wanasaikolojia McCann na Pearlman walilieleza jambo hili mwaka 1990 kuwa kiwewe cha kupokezwa, yaani kinachomfikia mhudumu kupitia maumivu ya anayemhudumia. Mwaka 2007 watafiti waliozungumza na washauri wa Bogotá, nchini Kolombia, walionyesha upande wa pili, kwamba uwezo wa mgonjwa kuinuka nao hupokezwa. Kwa hiyo tumaini la mshauri si tabia ya kuzaliwa wala agizo la mkuu wa kazi. Hulishwa na anachokiona. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu wanawake wa Kivu, mashariki mwa Kongo, walionusurika ukatili wa kingono uliwapa wanaotumaini sababu ya kweli: miezi sita baada ya tiba ya vikundi iliyoongozwa na wasaidizi Wakongo wasio madaktari, asilimia 9 tu walikuwa bado na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa, dhidi ya asilimia 42 ya waliopata msaada wa mtu mmoja mmoja.

Hata hivyo ni dhuluma kumtaka mshauri aishi kwa tumaini pekee, bila mshahara wa uhakika, bila mapumziko, na bila mwenzake wa kumsikiliza yeye, hasa pale ambapo naye hukimbia risasi zilezile pamoja na wagonjwa wake. Akipewa hayo, hupata utulivu wa kutambua mabadiliko madogo. Mwanamke aliyekaa majuma mengi akiukodolea macho mlango, kitenge kimekazwa hadi shingoni, siku moja hukilegeza, kisha huuliza mchele unauzwaje sokoni wiki hii.