Dawa ya Kichwa Ndiyo Ilikuwa Inaniuma Kichwa

Nianze na hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo ilinishtua. Mwezi wa tatu nilianza kuweka alama kwenye kalenda ya simu kila siku niliyomeza dawa ya kichwa. Mwezi ukaisha nikiwa na alama 23. Ishirini na tatu, wasee. Na bado kichwa kilikuwa kinauma karibu kila siku. Asubuhi kinabana kama leso iliyofungwa kwa hasira, mchana kinatulia kidogo, usiku nikikaa kuhariri video kinarudi na shingo yote inakaza.

Kusema ukweli sikuona kitu cha ajabu hapo. Nimelelewa hivyo. Mathe alishona nguo miaka mingi katika kiwanda kimoja, ile kazi ya kuhesabiwa vipande, usipofikisha idadi unabaki. Kwenye mkoba wake vidonge havikukosa, vile vya mchanganyiko vya kununua viwili viwili kwa kioski. Asubuhi viwili na chai, hata kabla kichwa hakijaanza. "Nakizuia mapema," ndivyo alivyokuwa akisema. Na mimi nikajifunza kuzuia mapema.

Daktari niliyemwona hakuniuliza nameza vidonge vingapi. Aliuliza nameza siku ngapi kwa mwezi. Nilipomwonyesha kalenda, akaniambia kuna maumivu ya kichwa yanayoletwa na kuzidisha dawa ya maumivu. Nilikasirika, manze. Nilisikia kama ameniita mlevi. Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma, nia yangu ikiwa kumpata na makosa.

Nikampata na historia.

Twende Sweden, mji wa Huskvarna. Kulikuwa na kiwanda kikubwa kilichoanza na bunduki, baadaye kikatengeneza pia cherehani na pikipiki. Homa kali ya mafua ya 1918 ilipoingia, daktari wa huko aliyeitwa Hjorton akawa anawapa watu unga wenye fenasetini, fenazoni na kafeini. Mafua yakapita. Unga ukabaki. Wafanyakazi wakauzoea, wakaumeza hata wasipokuwa wagonjwa, wakiamini unawasukuma kazini. Miaka ikaenda, na watu wakaanza kufa kwa figo. Mwaka 1963 daktari Kurt Grimlund alichapisha ripoti iliyounganisha vifo hivyo na ule unga.

Uswisi ilikuwa imeshaonja hayo. Mwaka 1953 Spühler na Zollinger, madaktari wa Zürich, walieleza ugonjwa wa figo walioukuta kwa watu waliotumia dawa za maumivu kwa muda mrefu. Huko waliotajwa sana ni wafanyakazi wa viwanda vya saa. Fikiria hiyo kazi: skrubu ndogo kama chembe ya mchanga, macho yamekaza, shingo imeinama kutwa nzima. Kichwa kitakosaje kuuma? Unameza kidonge chenye kafeini, unachangamka, unamaliza kazi. Kafeini ikiisha mwilini, kichwa kinarudi kwa sababu kafeini imeisha. Unameza tena. Niliposoma hapo nilifunga simu nikakaa kimya, maana nilikuwa naona mkoba wa mathe.

Upande wa kichwa chenyewe, ushahidi ulitoka kwa dawa nyingine. Mwaka 1918 Arthur Stoll, mwanakemia wa Basel, alitoa ergotamini kutoka kwa kuvu anayeota kwenye nafaka ya rai. Ikawa dawa kubwa ya kipandauso. Lakini 1951, madaktari wa Mayo Clinic kule Marekani, Peters na Horton, wakaandika kuhusu wagonjwa walioimeza kupita kiasi: kichwa kiliwauma zaidi walipokosa dozi, na walipoiacha kabisa wengi wakapata nafuu. Dawa ilikuwa imegeuka kuwa sehemu ya ugonjwa.

Sasa, usikimbie kutupa kila kidonge. Mwaka 1988 James Lance na wenzake kule Australia waliangalia wagonjwa wa viungo wanaomeza dawa za maumivu kila siku. Dawa hazikuwaletea kichwa, isipokuwa wale waliokuwa na kipandauso tangu zamani. Yaani ubongo ulio na tabia ya kuuma ndio unaonaswa na mtego huu. Na fenasetini yenyewe imeondolewa sokoni nchi nyingi. Parasetamoli ya leo ni jamaa yake, kwa sababu mwili huigeuza fenasetini kuwa parasetamoli, lakini si dawa ile ile.

Jina rasmi la kichwa cha kuzidisha dawa lilikaa vizuri 2004, kwenye toleo la pili la orodha ya kimataifa ya magonjwa ya kichwa. Mipaka yake leo iko hivi: kichwa kinauma siku 15 au zaidi kwa mwezi, na umezidisha dawa kwa zaidi ya miezi mitatu. Kuzidisha ni siku 15 kwa mwezi kwa dawa moja ya kawaida kama parasetamoli au ibuprofeni. Kwa vidonge vya mchanganyiko, kama vile vya mathe, ni siku 10 tu. Kumi! Watu wangapi mtaani wanapita hapo kabla mwezi haujafika nusu?

Si kila kichwa cha kila siku ni hiki, lakini. Kuna kipandauso sugu, kuna kile cha kubana pande zote, na kuna kile kinachoanza siku moja na hakiondoki. Kichwa kikija ghafla kama radi, au na homa na shingo ngumu, au mkono umelegea, au macho hayaoni vizuri, au baada ya kugongwa, nenda hospitali leo.

Tiba yenyewe inachosha kwa jinsi ilivyo rahisi kuieleza: unaacha. Dawa za kawaida zinaweza kuachwa mara moja, zile kali za familia ya kasumba ni lazima daktari akupangie. Siku ya pili mpaka kama ya kumi kichwa kinalipiza kisasi. Utafiti wa Denmark uliochapishwa 2020 uliunga mkono kuacha huku ukianza dawa ya kukinga, na mimi nilipewa amitriptilini kidogo, usiku. Siku ya nne nilitapika nikazima taa zote. Siku ya tano nilisimama nje ya kioski na shilingi ishirini mkononi kwa dakika nzima, nikanunua maji.

Leo ni wiki ya saba. Mwezi uliopita nilikuwa na alama sita.

Mathe alicheka nilipomsomea habari ya Huskvarna, akasema hao Wazungu walikuwa wanatengeneza cherehani na yeye anazishonea, basi wote ni wa kiwanda kimoja. Lakini alikubali kupimwa figo. Majibu tunachukua Alhamisi. Jana nilimkuta jikoni na daftari la zamani la chama, amepiga mistari ya mwezi mzima kwa kalamu nyekundu, na kwenye sanduku la jana ameandika: *moja, jioni*. Nikamuuliza asubuhi je. Akasema, "Asubuhi ilikuwa chai tu, na isiwe utanipiga picha."