Homa Iliyokunja Watu

Mwaka 1952 homa ngeni ilienea uwanda wa Makonde, bara ya Lindi. Viungo viliuma hata wagonjwa wakajikunja. Ikaitwa chikungunya, neno la Kimakonde. Mwaka 1953 virusi vyake vilipatikana katika damu ya mgonjwa.

Vyatushindaje? Seli ikipiga mbiu ya hatari, protini za seli jirani hubandikwa fosfeti, moja baada ya nyingine, mpaka habari ifike kwenye kiini. Protini ikibandikwa ubikwitini, mara nyingi huvunjwa. Mwaka 2012 wataalamu walieleza kwamba virusi hivi humbandikisha ubikwitini karani wa kiini, protini inayonakili amri, naye huvunjwa. Mbiu imelia, karani hayupo.

Mbu wake huzaana katika maji ya akiba. Basi, ndugu, funika mtungi wako.