Herufi chakavu: kutoka bango la mbao hadi kompyuta

Kwa miaka mingi mpiga chapa aliihesabu herufi iliyochakaa kuwa hasara. Mwaka 1827 Darius Wells wa New York alibuni mashine ya kuchonga herufi kubwa za mbao kwa ajili ya mabango. Kadiri zilivyotumika, herufi hizo zilimeguka kingo na kupata mikwaruzo. Wino ukashika hapa, ukaruka pale. Bango lililotoka hivyo lilikuwa kazi mbovu.

Kompyuta ikaja kulimaliza tatizo hilo. Kufikia 1985, Macintosh na printa ya LaserWriter zilitoa herufi safi, kila "a" ikifanana kabisa na nyingine. Ndipo baadhi ya wasanifu walipotambua kwamba pamoja na kasoro imeondoka pia alama ya mkono na ya mashine.

Waholanzi wawili, Erik van Blokland na Just van Rossum, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuirudisha alama hiyo. Mwaka 1990 walitoa fonti ya Beowolf, ambayo kingo zake zilijibadilisha kiholela kila ilipochapwa. Mwaka uliofuata van Blokland akatoa Trixie, aliyoipata kwa kuskani maandishi ya taipureta pamoja na wino wake uliotapakaa. Nchini Marekani, kuanzia 1992, David Carson alizikata na kuzipandanisha herufi kwenye jarida la Ray Gun, na mtindo ukaitwa granji, kama muziki wa vijana wa Seattle.

Photoshop, programu ya kuhariri picha iliyotoka 1990, ilipata matabaka yanayopangwa moja juu ya jingine katika toleo la tatu, 1994. Tangu hapo msanifu anaweza kuskani bati lenye kutu na kulifanya barakoa juu ya neno: penye weusi herufi hufichika, penye weupe hubaki. Neno lenyewe haliguswi, hivyo akikosea hurekebisha.

Urahisi huo umezaa uvivu. Andika "baba" kwa fonti iliyouzwa ikiwa na mikwaruzo tayari, na mara nyingi "a" zote mbili zitabeba jeraha lilelile. Hatari hiyo Beowolf iliikwepa tangu 1990. Uchakavu una sababu zake: kingo humeguka kabla ya katikati, na wino hufifia pale mgandamizo ulipopungua. Anayetaka herufi yake iaminike achonge muhuri, augonge karatasini mara kadhaa, askani alama zote, kisha ndipo afungue programu.