Maneno ya Kuisimulia Liemba

Meli iliyoanza maisha kwa jina la Graf von Goetzen, na ambayo leo twaijua kama Liemba, imeandikwa sana kwa lugha za wageni. Sisi tunapoiandika tunaokota maneno ya juujuu: meli ya kivita ilijengwa, ikazinduliwa, ikazama, ikanyanyuliwa. Yanaeleweka yote. Lakini Kiswahili kimekulia kando ya maji, na kwa kila hatua ya meli hii kina neno lililo sahihi zaidi. Tuyapime moja moja, ewe mlinzi mwenzangu wa lugha.

Tuanze na “meli” yenyewe. Tulilipata kwa Waingereza, na kwao lilihusu barua: stima za posta ndizo zilizotuachia jina hili. Kabla yake tulikuwa na “merikebu” ya Kiarabu, “jahazi” lililotujia kutoka nchi za Ajemi na Bara Hindi, na “chombo”, mwana wa Kibantu. Meli imeshinda, nami siipingi. Ila “chombo” lisiachwe, kwa sababu nitakayoileta punde.

“Manowari” nalo ni la Kiingereza, ila mabaharia wetu walilisuguasugua mpaka likawa letu. Mwaka 1914 meli ya Kijerumani Königsberg ilipofika Dar es Salaam, wenyeji waliiita “manowari na bomba tatu”. Hapo bomba ni dohani, mahali pa kutokea moshi. Königsberg ilipokomea katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915, mizinga yake iliopolewa, na mmoja ukapelekwa Kigoma kufungwa kwenye Goetzen. Je, mzinga mmoja unatosha kuifanya meli kuwa manowari? Nasema hautoshi. Manowari huundwa ili ipigane. Goetzen iliundwa ibebe abiria na mizigo, vita vikaikuta, jeshi likaitwaa.

“Kutwaa”: neno hili tulishike. “Kuchukua” ni kwa kila mtu na kila kitu. Anayetwaa ana amri mkononi, na mwenye mali haulizwi. Serikali ikichukua meli ya raia wakati wa vita, imeitwaa. Hatuhitaji istilahi nyingine.

Sasa tuiiteje kazi yake? Wengi husema “meli ya kivita”. Kiambishi ki- huleta sura au namna ya jambo: mavazi ya kijeshi yaweza kuvaliwa na mwigizaji, lakini mavazi ya jeshi ni mali ya jeshi. Kwa hiyo “ya kivita” ni pana mno. Inachanganya chombo kinachopiga na chombo kinachowabeba wanaopiga.

Tujaribu “meli ya shehena ya jeshi”. Hapa pana mtego. Meli na shehena ni za ngeli moja, hivyo “ya jeshi” yaweza kushika popote: meli ni ya jeshi, au shehena ndiyo ya jeshi? Meli ya mfanyabiashara iliyopakia baruti za serikali si sawa na meli ya jeshi iliyopakia mahindi. Ndipo “chombo” linapotufaa. “Chombo cha shehena cha jeshi”: chombo ni cha jeshi. “Chombo cha shehena ya jeshi”: shehena ndiyo ya jeshi. Herufi mbili tu, na sheria nzima ya umiliki imekaa sawa. Napendekeza tuandike hivyo kila palipo na utata.

Wapo wanaopenda “meli ya masurufu”. Ni neno zuri, maana masurufu ni mahitaji ya njiani. Lakini ofisi za serikali ya Tanzania zimelifunga kwenye fedha anazopewa mtumishi kwa safari au kazi, na msomaji wa leo atawaza risiti kabla ya kuwaza bahari. Tuliache huko liliko.

“Shehena” si jina jingine la mzigo hivi hivi. Ni la Kiarabu, na asili yake ni kujaza chombo. Gunia likiwa kichwani kwa hamali ni mzigo; likishaingia melini limekuwa sehemu ya shehena. Na humo linamokaa si “tumbo la meli”. Panaitwa falka. Chini yake, pale yanapokusanyika maji ya uvujo, ndipo ngamani. Majina mawili kwa mahali pawili. Ya nini kuyafukia kwa “chumba cha mizigo”?

Waswahili wamesema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Hawakusema vimejengwa. Nyumba hujengwa, chombo huundwa. Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kisha ikavunjwavunjwa. La, haikuvunjwa. Kinachovunjwa hakitarajiwi kurudi. Kuna kitenzi “kongoa”: kung'oa misumari na kutenganisha viungo bila kuviharibu. Goetzen ilikongolewa, ikatiwa katika makasha 5,000, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma, ikaundwa upya ribiti kwa ribiti. Mafundi wa mitambo na wa samani, litwaeni neno hili, linawangoja.

Tarehe 5 Februari 1915 ikaingia majini, Ziwa Tanganyika. Magazeti yatasema “ilizinduliwa”. Kuzindua kuna undugu na kuzindika na zindiko. Ni kufungua kilichofungwa, na kumekaa vizuri kwa kitabu, kampeni na mradi. Chombo kinachotolewa nchi kavu na kutiwa majini kwa mara ya kwanza kinashuliwa. Kushua ni kitendo cha mwili: kamba, magogo, watu na sauti zao. Meli hushuliwa kwanza. Hotuba za uzinduzi zije baadaye.

Kuanzia hapo tunaandika “utumishi” wake. Wapo watakaosema utumishi ni wa binadamu, na kitu kina matumizi tu. Lakini mzizi ni “tuma”: mwenye kutumwa hutumika, na aliyetumika ana utumishi. Meli hii imetumwa na Wajerumani, na Waingereza, na Tanganyika huru, na Tanzania. Hilo ni zaidi ya matumizi. “Utumishi wa meli” lipokewe bila hofu.

Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi, mitambo ikiwa imepakwa grisi nzito ili isiliwe na kutu. “Ilizamishwa” huficha aliyezamisha, na msomaji atadhani ni adui. Kiswahili hakihitaji sentensi nzima kueleza hili. Kinachukua “zama”, kinaongeza -isha ya kusababisha, -ia ya kujifaidia na ji- ya mtenda mwenyewe: “walijizamishia meli yao”. Kujizamishia: waliizamisha wao, ilikuwa yao, kwa maslahi yao. Hiyo ndiyo istilahi ninayoipendekeza kwa tendo hili la kivita, na imetoka ghalani mwetu.

Baadaye Wabelgiji waliitoa, dhoruba ikaipiga, ikazama tena. Hapo “ikazama” ni sahihi kabisa, kwa kuwa hakuna aliyeizamisha. Waingereza wakaitoa mwaka 1924. Waliinyanyua? Kinyanyuliwacho huwa juu ya ardhi. Waliiibua? Siku hizi tunaibua hoja na ubadhirifu. Kitolewacho majini huopolewa, kiwe ndoo ya kisimani au meli ya chuma. Waliiopoa.

Ikisha kuopolewa, sharti ielee. Na kuifanya ielee ni “kueleza”. Kamusi za zamani zimeziweka maana hizi mbili pamoja, kufanya chombo kielee na kufafanua jambo, kwa sababu lililokuelea limepanda juu, unaliona. Mzizi huo huo umezaa “kielezo” na “chelezo”. Chelezo lilikuwa boya. Leo huko Mwanza ndilo jina la mahali pa kuundia na kushulia meli. Neno la wavuvi limepanda cheo bila kubadili asili. Wataalamu wa istilahi waige mwendo huo: watafute kwanza kilichopo.

Tarehe 16 Mei 1927 meli ilirudi kazini, nalo jina likabadilika. Goetzen alikuwa gavana wa Kijerumani kuanzia 1901 hadi 1906, enzi ya Vita vya Maji Maji. Liemba ni jina la kale la Ziwa Tanganyika upande wa kusini. Jina la mtawala liliondoka, jina la maji likakaa.

Tahadhari moja kuhusu “kupakia”. Ni kitenzi kizuri, na kinyume chake, “kupakua”, ni fahari ya sarufi yetu. Lakini watu si shehena. Vita vile, Vita vya Kwanza vya Dunia, viliwageuza watu kuwa vyombo vya kubebea. Jina Kariakoo, lililotokana na kikosi cha wachukuzi wa Waingereza, ni ushahidi uliobaki katikati ya Dar es Salaam. Mwaka 1997 Liemba iliwarudisha kwao wakimbizi wa Kongo, na mwaka 2015 iliwatoa wakimbizi wa Burundi katika kijiji cha Kagunga ikawaleta Kigoma. Tuandike kwamba walipanda, wakavushwa, wakateremka. Kupakia na kupakua tuviachie magunia.

Basi haya ndiyo ninayoyaomba yarudi kazini: kuunda, kukongoa, kushua, kutwaa, kujizamishia, kuopoa, kueleza, na falka. Hakuna hata moja linalohitaji idhini ya mgeni. Mhariri, yaache yapite kwenye meza yako. Mwalimu, yaandike ubaoni. Mtangazaji, yatamke bila kuyaombea radhi. Neno hufa kwa kutosemwa, na kulisema ni juu yetu.