Paa, mti na upepo: Jinsi watu wa Tana walivyopoza nyumba zao

Mwezi wa Machi, upepo wa kaskazi ukishalegea na mvua za masika hazijaanguka, mji wa Garsen, katika Kaunti ya Tana River nchini Kenya, huhamia nje saa za adhuhuri. Wenye maduka huvuta viti barazani, wazee hukusanyika chini ya miarobaini, na mama anayenyonyesha hutandika mkeka upande wa nyumba wenye kivuli. Ndani hakukaliki. Juu kuna bati lililopigwa na jua tangu asubuhi.

Wengi wetu tumeizoea hali hii tukadhani ndiyo asili ya Tana River. Historia inasema vingine. Joto ni la zamani, lakini nyumba iliyo na joto kushinda uwanja wake ni jambo la juzi.

Wapokomo, wakulima wa kingo za mto, zamani waliishi katika nyumba za msonge zilizoezekwa nyasi kuanzia kileleni hadi karibu na ardhi. Nyasi zilifungwa matita, zikapangwa safu juu ya safu mpaka paa likawa nene. Ndani ya unene ule kuna hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Jua lilichoma nje, aliyelala ndani asilihisi. Vijijini wakapanda miembe, ambayo leo inasifiwa zaidi kwa matunda. Lakini mwembe haupukutishi majani yake yote kwa mkupuo. Hata kaskazi ikikausha kila kitu, kivuli chake kipo.

Kwa Waorma, wafugaji wa nyanda za nyuma ya mto, nyumba ilikuwa kazi ya wanawake. Wao ndio waliokata fito, wakazipinda na kuzifunga, kisha wakazifunika kwa nyasi na mikeka, vitu vinavyozuia jua huku vikiiacha hewa ipenye. Malisho yakiisha, nyumba ilifunguliwa, ikapakiwa juu ya wanyama na kusimamishwa kwingine.

Karibu na bahari, upande wa Kipini, palikuwa na ujenzi wa aina ya tatu. Magofu ya Ungwana, ambayo mwanaakiolojia James Kirkman aliyachimba miaka ya 1950, ni ya mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta mnene wa namna ile huchukua saa nyingi kupata moto, na kabla haujafika kiwango cha kumsumbua mtu, jua limeshatua.

Nyumba za nyasi zilidai matengenezo. Nyasi huoza na mchwa hula fito, kwa hiyo paa lilizibwa viraka mwaka hadi mwaka na kuezekwa upya likichakaa. Moshi wa kuni uliopanda kila jioni ulisaidia kufukuza wadudu na kukausha nyasi. Ufundi huu haukuuzwa dukani. Ulikuwa mikononi mwa jirani, na mtoto aliujifunza kwa kupitisha kamba.

Bati lilitoka mbali. Mwaka 1829 mhandisi Mwingereza, Henry Robinson Palmer, alipata hataza ya karatasi za chuma zenye mikunjo. Ujenzi wa reli ulipoanza Mombasa mwaka 1896, bati lilishakuwa paa la haraka la stesheni na mabohari. Baada ya kampuni ya Mabati Rolling Mills kuanzishwa mwaka 1962, bati likawa bidhaa ya humu nchini, likasambaa hadi maduka ya vijijini.

Watu wa Tana hawakulichagua kwa ujinga. Cheche ya jiko iliweza kuteketeza nyumba ya nyasi, na upepo ukapeleka moto kwa jirani. Bati huvuna maji ya mvua, neema kubwa kwa walio mbali na mto. Nyasi nzuri za kuezekea nazo zimekuwa shida kupatikana. Tena kuna mafuriko. Gharika ya 1961 bado inasimuliwa, ikafuata El Niño ya 1997 na 1998, na majuzi mvua za 2023 na 2024 zimefukuza familia nyingi makwao. Nyasi zikisombwa zimekwenda. Bati laweza kung'olewa, likapakiwa mtumbwini na kupigiliwa tena mahali pa juu.

Gharama yake ni joto. Bati la geji 30 lina unene wa takriban theluthi moja tu ya milimita. Likipata jua la saa sita, joto jingi hushuka moja kwa moja kichwani mwa aliye chini. Jioni linapopoa utalisikia likialika, tah, tah, juu ya kenchi. Nyumba nyingi zimeezekwa bila dari, na madirisha yamefanywa madogo kwa kuhofia wezi. Tulichukua bati, tukaacha maarifa yote yaliyolitangulia.

Stima ya kuzungusha feni nayo ilichelewa, na hapa pana jambo la kuuma. Bwawa la Kindaruma kwenye Mto Tana linazalisha umeme tangu lilipokamilika mwaka 1968. Yakafuata Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Nguvu hiyo iliwasha Nairobi na Mombasa huku wa mtoni chini wakibaki na koroboi. Mji wa Hola ulitegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi. Laini ya volti 220,000 kutoka Rabai kupitia Malindi na Garsen hadi Lamu ilikamilika katikati ya miaka ya 2010 tu. Vijiji visivyofikiwa na nyaya vimeanza kutegemea sola.

Stima ilipofika, feni ikafuata. Fundi wa feni anajua ugonjwa wake wa kawaida: inanguruma lakini haizunguki mpaka ulisukume panga lake kwa kijiti. Mara nyingi kapasita imekufa, na kuibadilisha ni kazi ndogo. Vumbi la udongo wa mfinyanzi nalo hukwamisha bushi, kwa hiyo feni ya huku inahitaji kufunguliwa na kusafishwa mara kwa mara. Feni ikipona, bado inapeperusha hewa ileile iliyopashwa na bati.

Kiyoyozi, ambacho Willis Carrier alikibuni mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapishaji cha Brooklyn, kimeanza kuonekana katika ofisi na nyumba za wenye uwezo. Kifungwe katika chumba cha bati kisicho na dari, kompresa haitapumzika, bili itapanda na mashine itakufa mapema. Gesi ikipungua, fundi mwaminifu hutafuta kwanza inapovujia. Anayeongeza tu anakuuzia tatizo lilelile, na nyingi ya gesi hizo hupasha dunia joto. Ndiyo sababu mataifa yalikubaliana Kigali mwaka 2016 kupunguza zile za jamii ya HFC.

Kwa hiyo anayetaka kuboresha nyumba yake aanzie juu. Atie dari, aache nafasi kati yake na bati, atoboe matundu ya hewa kwenye pembe mbili za paa ili joto litoke. Apake bati rangi nyeupe, irudishe sehemu kubwa ya jua. Afungue madirisha yanayotazamana, yapokee kusi na kaskazi. Apande mwarobaini au mwembe upande wa magharibi, jua la alasiri linakotoka. Baada ya hapo, mara nyingi feni moja ndogo ya sola itatosha chumba.

Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga. Hakuna anayewaambia watu wa Tana warudi kwenye msonge. Bati limewapa maji na usalama, na wana haki nalo. Lakini serikali ya kaunti inapojenga nyumba za waliohamishwa na mafuriko, au shule na zahanati, iwalipe mafundi watie dari na matundu ya hewa tangu mwanzo. Vyuo vya ufundi viwaite wanawake wa Kiorma na waezekaji wa Kipokomo wawafundishe vijana, wakiwa bado wapo. Ubaridi wa nyumba hujengwa paani kabla haujanunuliwa dukani.