Nani Athibitishe Jeraha la Askari Mzee?

Wengi wetu tuliokulia migombani, iwe Kibosho, Marangu au Machame, tunamkumbuka mzee mmoja aliyeitwa Keya. Alikuwa na koti la jeshi lililochakaa, mguu wa kuchechemea, na sanduku la bati ambalo watoto hatukuruhusiwa kuligusa. Ndani ya sanduku hilo mlikuwa na karatasi. Wiki hii nataka tuizungumzie karatasi hiyo.

Moshi inaijua vita. Tarehe 11 Machi 1916 Waingereza na Wajerumani walipambana kwenye vilima vya Latema na Reata, karibu na Taveta. Siku mbili baadaye mji wetu ukawa mikononi mwa Waingereza. Makaburi ya askari wa vita ile yapo hapa mjini hadi leo. Lakini waliolala pale hawadai kitu. Wanaodai ni walionusurika, na wajane.

Askari weusi waliompigania Mjerumani walikaa miaka mingi wakidai haki zao. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa wale waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba wazee wapatao 350 walifika Mwanza kupokea fedha, lakini ni wachache tu waliokuwa na hati zao za mwaka 1918. Mwenye kulipa akakuna kichwa, kisha akapata wazo. Kila mzee alipewa ufagio badala ya bunduki, akaamriwa kwa Kijerumani afanye gwaride. Wasimuliaji wanasema hakuna hata mmoja aliyekosea.

Hadithi hiyo huchekesha, lakini ndani yake mna swali zito. Karatasi ikipotea, nani abebe mzigo wa kuthibitisha: askari au serikali?

Wapagazi wa Waingereza hawakupata hata huo ufagio. Waliokufa wanakadiriwa kufikia 95,000. Mishahara ya wengi wao haikuwafikia warithi, kwa kuwa majina na vijiji vyao havikuandikwa sawasawa. Jina la kikosi chao limebaki Kariakoo, Dar es Salaam, tunakokwenda kununua vitenge bila kuwakumbuka.

Huko Uingereza kwenyewe askari walilalamika sana, na mwaka 1943 Bunge lao likatunga sheria ya mabaraza ya rufaa za pensheni. Kanuni mpya zilimwondolea askari mzigo. Aliyepokelewa jeshini akiwa mzima kisha akaugua, ilichukuliwa kwamba utumishi ndio uliomdhuru, mpaka wizara ithibitishe vinginevyo. Mwaka 1947 Jaji Denning alisikiliza rufaa ya mjane Miller, ambaye mumewe alikuwa askari aliyekufa kwa saratani ya koo la chakula. Katika hukumu hiyo alieleza maana ya kuthibitisha bila kuacha shaka ya maana.

Maelezo hayo yalivuka bahari. Mahakama yetu ya Rufani iliyatumia katika shauri la jinai la Magendo Paul, lililoripotiwa mwaka 1993, na mawakili wetu huyanukuu hadi leo. Wangapi wanakumbuka kwamba chanzo chake ni dai la pensheni la mjane wa askari?

Wakati huohuo, Keya wetu alikuwa amerudi kutoka Bama, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana mwaka 1944 katika mvua na malaria za bonde la Kabaw. Yeye hakuwekwa kwenye mizani moja na Mwingereza. Mwaka 2019 waandishi wa habari walifichua waraka wa zamani wa serikali ya Uingereza. Ulionyesha kwamba katika malipo ya kuagwa jeshini, mzungu alipata hadi mara tatu ya Mwafrika wa cheo kilekile. Risasi za Mjapani hazikuuliza rangi, lakini mlipaji aliuliza.

Kisha ikaja vita yetu wenyewe. Idi Amin alivamia Kagera Oktoba 1978, na vijana wa Kilimanjaro, wanajeshi na mgambo, walikwenda pamoja na wenzao wa mikoa mingine. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Waliokuwa na miaka ishirini wakati ule sasa ni wazee. Jeraha la ujana huamka uzeeni: goti hukataa kupanda mlima, sikio lililopigwa na mzinga huziba kabisa.

Sisemi kila anayedai anasema kweli. Wadanganyifu hawakosekani, na fedha za umma zina mwenyewe. Ila serikali ndiyo iliyomwandikisha askari, ikampa namba, ikamtuma vitani na kutunza daftari. Daftari likipotea, si haki hasara aibebe mwenye mguu mbovu. Anayekata rufaa aelezwe kwa maandishi kwa nini amekataliwa, na mashaka yakibaki yamfae yeye. Kila tarehe 25 Julai tunaweka mashada kwa ajili ya mashujaa. Ni vizuri. Lakini shada halinunui dawa.

Nanyi wajukuu, nendeni mkalifungue lile sanduku babu akiwa hai. Tafuteni hati ya kuachishwa jeshi na cheti cha hospitali, mtoe nakala. Muulizeni kikosi chake na majina ya wenzake, myaandike. Siku ya kudai, huenda asiwepo mtu wa kumpa ufagio.